Uliza Fundi: Zege la Nyanda za Juu na Maji Yake

Barua za safari hii zimetoka Iringa hadi Tukuyu, na karibu zote zinauliza jambo moja: zege likishamwagwa na kusawazishwa, litunzwe vipi na kwa siku ngapi? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa na mwingine mwenye ujenzi unaoendelea. Vipimo tunavyotoa ni vya kazi za kawaida za nyumba. Daraja, tangi kubwa au jengo la ghorofa nyingi lina mhandisi wake na michoro yake.

SWALI: Habari za kazi wataalamu. Tumemwaga slabu ya ghorofa ya kwanza, mita 8 kwa 10, unene sentimita 15. Tulianza saa tatu asubuhi tukamaliza saa kumi jioni, upepo ukivuma siku nzima. Kesho yake alfajiri, kabla hata ya kumwagilia, tukakuta nyufa zimelala mshazari, nyingine zinaingia ukucha. Fundi anasema saruji ilikuwa mbovu, muuza saruji anasema fundi ndiye mbovu. Tumwamini nani? Halafu, gari la maji la lita 5,000 litatutosha siku ngapi? — Msomaji, Makambako

JIBU: Msimwamini yeyote kati yao kwa hili, nyufa za namna hiyo ni kazi ya upepo. Zege bichi likishatulia, maji yake hupanda juu polepole, ndiyo ule unyevu unaong'aa muda mfupi baada ya kupiga rula. Upepo ukiyakausha kwa kasi kuliko yanavyopanda, ngozi ya juu husinyaa wakati zege la chini yake bado ni bichi. Ngozi hiyo haina nguvu ya kuhimili mvuto, basi huchanika. Wahandisi wana kipimo chao: ikipotea lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba kwa saa, nyufa ziko mlangoni. Hata nusu lita ni ya kutazamwa kwa macho mawili iwapo mchanganyiko una saruji nyingi na maji kidogo.

Wengi hudhani adui ni jua. Siku ya baridi yenye upepo mkavu inaweza kukausha slabu kuliko siku ya joto iliyotulia, hasa zege likiwa na joto kuliko hewa inayolizunguka. Kwenu kuanzia mwezi wa Nane hadi wa Kumi mnapata vyote kwa pamoja, hewa kavu, upepo na jua la mwinuko.

Mkimwaga tena, lowesheni mbao asubuhi ile ile lakini pasibaki dimbwi. Upande unakotoka upepo, simamisheni turubai la kimo cha mita moja na nusu hadi mbili kwenye mirunda. Kila kipande cha upana wa mita mbili kikishapigwa rula, kifunikeni hapo hapo kwa nailoni na kuikandamiza kingo kwa mbao ili upepo usipenye chini. Wakati wa kupiga mwiko wa mwisho funueni kipande kimoja, kimalizeni, kifunikeni tena, ndipo muende kinachofuata. Mpira wa maji kwa saa hizo msiuguse: matone makubwa yanaosha saruji na kuacha mchanga juu. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani linatoa ukungu mwembamba unaofaa kabisa, mradi liwe jipya au limeoshwa vizuri. Nyufa zikianza kujitokeza ndani ya saa mbili tatu za mwanzo, zege bado laini, zinafungika kwa kusugua tena kwa mbao. Kuzinyunyizia saruji kavu ni kuzifunika tu, na zitarudi.

Kwa slabu mliyonayo, zisafisheni nyufa kwa brashi na maji, kisha chungulieni chini. Ufa wa chini ya milimita 0.3 usiopenya, ulio ndani ya nyumba, unazibwa kwa uji mwepesi wa saruji. Ulio mpana zaidi, au ule ambao mkimwagilia juu maji yanadondoka chini ya mbao, mhandisi auone kabla hamjapandisha kuta.

Sasa maji. Slabu yenu ni mita za mraba 80. Mkizungushia tuta la udongo wa mfinyanzi na kujaza kina cha sentimita 3, mnatumia lita 2,400 kwa mkupuo, na msimu huu wa upepo kadirieni lita 5 kwa mita ya mraba zinazopotea kila siku, yaani lita 400, mapipa mawili. Kwa siku saba inafika lita 5,200. Gari lenu limekwisha. Magunia ya katani yaliyoloweshwa, yakafunikwa na nailoni juu yake, yanahitaji lita 2 hadi 3 kwa mita ya mraba mwanzoni, kisha kuongezewa kama lita moja kwa siku. Kwa siku kumi mtakuwa mmetumia kama lita 1,000. Palipo na shida ya maji sisi tungechagua magunia bila kufikiri mara mbili. Kumwagilia asubuhi na jioni huku slabu ikishinda wazi, ambako ndiko kunakofanyika kwenye nyumba nyingi, kunakula maji mengi na bado slabu inakauka kabisa ifikapo saa sita mchana. Zege linalolowa na kukauka, likalowa tena na kukauka, linatanuka na kusinyaa kila siku likiwa bado changa, na huko nako kunazaa nyufa ndogo ndogo.

SWALI: Mmoja ameniambia nimwagilie siku tatu, mwingine saba, fundi wangu anasema 28 ndiyo sheria. Ipi ni ipi? — Msomaji, Ipogolo, Iringa

JIBU: Anza kwa kusoma mfuko. Pameandikwa CEM I, CEM II au CEM IV, ndiyo aina ya saruji, kisha 32.5 au 42.5, ndilo daraja la nguvu yake, na mbele yake herufi N au R. R ni ile inayopata nguvu mapema. CEM II ina saruji halisi iliyochanganywa na kitu kingine, mara nyingi chokaa ya mawe au pozolana, na CEM IV ina pozolana kwa wingi zaidi. Pozolana, kama majivu ya volkano, haishikani na maji peke yake. Inasubiri chokaa inayotolewa na saruji inapofanya kazi, halafu ndipo inapoungana nayo na kuwa gundi. Kazi hiyo huja nyuma na huhitaji maji bado yawemo. Ukiacha zege likauke siku ya tatu, pozolana uliyoinunua kwa bei ya saruji inabaki kuwa mchanga laini tu.

Kwa hiyo: CEM I na CEM II ya 42.5, siku saba mfululizo bila kukauka hata mara moja. Saruji ya 32.5 yenye pozolana, siku 10 hadi 14. Kwa tangi la maji, karo na ngazi za nje ongeza hadi 14 hata kama saruji ni ya 42.5. Siku 28 ni umri wa kupima nguvu maabara. Si kosa kumwagilia mpaka hapo, lakini hakuna anayekulazimisha.

Je, tofauti ni kubwa kiasi hicho? Zege lililotunzwa vizuri, siku ya saba huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Lililoachwa kwenye hewa kavu tangu mwanzo linaweza kuishia karibu na nusu ya nguvu ambayo lingeipata. Unyevu ndani ya vitundu vyake ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, saruji inaacha kufanya kazi, ijapokuwa bado imebaki mbichi tele ndani.

Hata hivyo usiogope kila kitu kwa kiwango kimoja. Msingi mnene wa nusu mita uliofukiwa haraka unajihifadhia maji yake wenyewe ndani. Kinachoumia zaidi zege likiachwa likauke ni zile sentimita mbili tatu za nje, na hizo ndizo zinazolinda nondo dhidi ya kutu na kupokea mvua, jua na kwato za ng'ombe. Ndiyo maana jengo linaweza kusimama imara miaka kumi huku ngozi yake ikiendelea kuoza.

Kama siku tatu zimeshapita bila maji, anza leo. Saruji iliyolala itaamka kwa sehemu na utarudisha nguvu kiasi, ila hutaipata yote, maana vitundu vilivyokauka havipitishi maji kwa urahisi hadi ndani.

SWALI: Shikamooni. Tunajenga Makete, upande wa Kitulo. Mwezi wa Sita na wa Saba tukiamka nyasi zote nyeupe kwa barafu. Fundi aliwasha majiko ya mkaa ndani ya vyumba ili sakafu ikauke haraka, na siku ya nne akatoa mirunda ya lenta, ile boriti ya juu ya mlango. Sasa sakafu ukifagia inatoa unga mweupe kila siku, na lenta ya mlango mpana imepinda katikati. Je, zege haliwezekani kwenye baridi yetu? — Mama mjenzi, Makete

JIBU: Marahaba mama. Linawezekana sana. Zege lililokua polepole kwenye ubaridi, bila kuganda na bila kukauka, mara nyingi hulipita lile lililoharakishwa na joto ukiyapima baada ya miezi kadhaa. Kilichokosekana kwako ni subira, na yale majiko yalikuwa balaa.

Tuanze na lenta. Saruji hufanya kazi kwa kufuata joto na siku, si siku peke yake. Kuna kanuni rahisi ya watafiti Nurse na Saul: chukua wastani wa joto la zege kwa nyuzi za Selsiasi, ongeza 10, zidisha kwa idadi ya siku. Siku saba kwenye nyuzi 20 ni 30 mara 7, yaani 210. Kwenye wastani wa nyuzi 10 unahitaji siku 10 na nusu kufika hapo, na kwenye nyuzi 5 unahitaji siku 14. Mchana wa Makete unaweza kukudanganya kwa jua zuri, lakini usiku ndio unaovuta wastani chini. Tuseme wastani wako ulikuwa nyuzi 8: siku nne ni 72 tu, sawa na siku mbili na nusu za mahali penye nyuzi 20. Nani angetoa mirunda ya lenta siku mbili na nusu baada ya kumwaga? Mbao za pembeni zinaweza kutoka siku ya pili au ya tatu. Mirunda ya chini ya slabu ndogo hukaa siku 14 na ya boriti 21 katika hali ya hewa ya kawaida, na kwenye baridi yenu jumlisha nusu yake tena. Lenta iliyopinda hairudi ilivyokuwa. Rudisheni mirunda izuie isiendelee, msipandishe tofali juu yake, na mhandisi aamue kama inabomolewa.

Barafu ni hatari ya saa chache za mwanzo. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na zege changa hupasuliwa kutoka ndani. Nguvu iliyopotea hivyo hairejeshwi na kumwagilia. Zege likishafikia nguvu ya kama nyutoni 3.5 kwa milimita ya mraba, linaweza kuvumilia kuganda mara moja. Kwenye ubaridi wa nyuzi 5 hilo linaweza kuchukua siku tatu au zaidi, kwa hiyo linda usiku wa kwanza hadi wa nne kwa nguvu zako zote. Mwaga asubuhi, umalize kabla ya saa nane mchana. Saa tisa, zege likiwa bado na joto la mchana, tandika nailoni iguse zege, juu yake sentimita 10 hadi 15 za nyasi kavu au viroba vilivyojazwa maranda, halafu turubai. Nyasi na maranda yawe makavu kweli, kwani yakilowa hayazuii baridi. Kokoto na mchanga vifunikwe usiku ili visiingie kwenye karai na barafu. Maji ya kuchanganyia yapashwe moto, yasizidi nyuzi 60, na yakutane kwanza na mchanga na kokoto ndipo saruji ifuate. Maji ya moto yakiigusa saruji peke yake inashika ghafla. Tumia 42.5R ikipatikana. Usimwagilie maji jioni kamwe. Kwenye siku hizo za mwanzo nailoni peke yake inatosha kutunza maji ya zege, na kama kuna pa kuongeza, fanya hivyo mchana. Atakayekushauri utie chumvi ili maji yasigande mkatalie, maana chumvi itazila nondo.

Sasa majiko. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya ukaa kwa wingi. Katika chumba kilichofungwa hewa hiyo hukutana na chokaa changa iliyo juu ya sakafu na kuigeuza kuwa unga laini kabla saruji haijashikana. Huo ndio unga wako mweupe, na utaendelea kutoka mpaka tabaka hilo liishe. Tena jiko hilo hilo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua waliolala. Sugua sakafu kwa brashi ya waya mpaka ufike penye ugumu, ioshe na uiache ikauke, kisha upake dawa ya kugumisha sakafu ya sodiamu silikati, mikono miwili au mitatu. Ukisugua na bado unachimba milimita 5, hapo hakuna dawa. Kwangua, lowesha, paka uji wa saruji, na uweke sakafu mpya juu kabla uji huo haujakauka.

SWALI: Huku kwetu mvua hainyimi. Kuna haja ya kumwagilia? — Msomaji, Tukuyu

JIBU: Slabu ikishashika, mvua inakusaidia na huna sababu ya kushindana nayo. Kuna mambo mawili tu. Saa sita hadi nane za mwanzo ifunike, kwa kuwa mvua ya Rungwe ikilikuta zege bichi inaondoka na saruji. Pili, mvua hulowesha vilivyolala. Nguzo na kuta zilizo chini ya slabu zinaweza kukauka kabisa huku kila mtu akiona matope kotekote, hivyo zifunge magunia kama ilivyo kiangazi.

Maji ya mvua pia ni laini na yana asidi kidogo, na kwa miaka huyeyusha chokaa kutoka kwenye zege lenye vitundu vingi. Ile michirizi myeupe chini ya mabaraza yenu na ukoga unaoshika ngazi kila masika huanza mapema zaidi pale ambapo ngozi ya zege haikutunzwa.

SWALI: Nafyatua tofali za inchi 6 kwa mashine ya mkono. Mfuko mmoja unatoa tofali 40. Namwagilia siku tano lakini kona zinamong'onyoka nikipakia kwenye gari. Niongeze siku? — Mfyatuaji, Mafinga

JIBU: Ongeza siku, lakini kwanza tupige hesabu pamoja. Tofali lako lisilo na matundu lina urefu wa milimita 450, kimo 230 na unene 150. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.0155. Mara 40 ni 0.62. Mfuko wa kilo 50 una saruji ya ujazo wa takriban 0.035. Gawanya: sehemu moja ya saruji kwa zaidi ya 17 za mchanga, na hapo hatujahesabu kwamba mchanga ukigandamizwa unapungua. Maji yanaisaidia saruji iliyopo kumaliza kazi yake, na humo saruji ni kidogo mno hata ukilowesha mwezi mzima. Kwa sehemu moja kwa nane, mfuko hautoi zaidi ya tofali 18 za ukubwa huo. Tunajua bei haikuruhusu kushuka mpaka huko ghafla. Punguza hatua kwa hatua na uwaambie wateja wako kwa nini bei imepanda.

Kuhusu maji, tofali lina uso mwingi kuliko mwili, ndiyo maana hukauka upesi kuliko kitu kingine chochote kwenye saiti. Likishatoka kwenye mashine lifunike kwa nailoni kivulini. Siku ya kwanza lisiguswe na mpira, siku ya pili anza kulowesha bila kuondoa nailoni, na uendelee mpaka ya saba. Baada ya hapo panga bila kuyabana ili hewa ipite, na yasiuzwe kabla ya siku 14. Siku 28 ni bora. Tofali likijengwa kabla halijamaliza kusinyaa, linamalizia ukutani, na lipu inapasuka kwa kufuata viungo vya tofali. Angalia pia mchanganyiko wako wakati wa kufyatua: ukiubana kiganjani ubaki bonge bila kutoa maji. Ukisambaratika umekauka mno, na tofali litakuwa na vitundu hata kabla ya kufika juani.

SWALI: Nguzo za baraza langu zina miaka tisa. Zege linabanduka vipande, nondo zinaonekana nyekundu. Slabu ya juu, iliyomwagwa na fundi yule yule kwa saruji ile ile, haina tatizo. Imekuwaje? — Msomaji, Soweto, Mbeya

JIBU: Swali lako lina jibu ndani yake. Slabu ililazwa, ikakaa na maji kwa siku kadhaa. Nguzo zilifunguliwa mbao siku iliyofuata, zikamwagiwa ndoo moja ambayo yote iliishia chini, na basi. Tungeweka dau kwamba hazikufungwa magunia.

Zege jipya lina ukali wa chokaa, kiwango cha pH 12.5 hadi 13, na nondo iliyo ndani yake hujivika utando mwembamba unaoizuia kushika kutu. Hewa ya ukaa iliyo angani huingia kupitia vitundu na kula chokaa hiyo kutoka nje kwenda ndani. Pale inapofika, pH hushuka chini ya 9 na utando unavunjika. Kasi yake hupungua kadiri inavyozama, kwa sababu kina hufuata kipeuo cha pili cha miaka. Tuchukue mfano: zege lililotunzwa likiliwa milimita 5 mwaka wa kwanza, kufika kwenye nondo iliyofunikwa na milimita 25 kutachukua miaka 25. Lile lililokaushwa likiliwa milimita 10 mwaka wa kwanza, litafika pale pale kwa miaka sita na robo. Na kama nondo ziliegemea mbao kwa kukosa vibiskuti (vile vipande vidogo vya zege vinavyoitenga nondo na mbao), zikabaki na milimita 10 za zege, ni mwaka mmoja tu. Kutu ikianza hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na hiyo ndiyo inayosukuma vipande nje.

Unaweza kujihakikishia. Bandua kipande kipya kwa patasi, kipulize vumbi, nyunyizia kimiminika cha finolftalini kinachotumika kwenye maabara za kemia za sekondari. Penye chokaa hugeuka waridi iliyokolea. Palipoliwa hapabadiliki rangi. Pima kwa rula kutoka nje hadi waridi inapoanza.

Matengenezo yasiishie kwenye lipu. Kwanza weka mirunda chini ya boriti. Bomoa zege lote lililolegea na uzunguke nyuma ya nondo kwa nafasi ya kidole, milimita 20. Sugua kutu mpaka chuma king'ae. Nondo iliyopungua zaidi ya robo ya unene wake iongezewe nyingine pembeni, ikipishana nayo mara 40 ya kipenyo (nondo ya milimita 12 ni sentimita 48). Lowesha zege la zamani tangu jana yake. Funga mbao zinazoacha milimita 30 hadi 40 juu ya nondo, mwaga zege la kokoto ndogo za milimita 10 lenye maji kidogo, acha mbao siku tatu, kisha zungushia gunia lililolowa na juu yake nailoni iliyofungwa kwa kamba juu na chini. Mimina maji kutoka juu ndani ya nailoni mara moja kila asubuhi kwa siku 10. Shughulikia nguzo moja baada ya nyingine, usizibomoe zote kwa mpigo.

SWALI: Mpira wetu unaleta maji ya baridi sana kutoka mlimani. Yana madhara? Na dawa ya kupuliza badala ya maji inafaa? — Fundi, Uyole

JIBU: Maji yenyewe ni mazuri. Tatizo ni kuyamwaga saa saba mchana kwenye slabu iliyopigwa na jua: ngozi inasinyaa ghafla na kupasuka. Tofauti isizidi nyuzi 11 hivi. Jaza mapipa asubuhi yakae juani, au mwagilia mapema kabla slabu haijapata moto.

Dawa ya kupuliza, ile inayoziba uso wa zege ili maji yake yasitoke, inafanya kazi ikipakwa maji ya juu yakishapotea na kabla zege halijaanza kupauka, mikono miwili inayokatana, na ile nyeupe husaidia pia dhidi ya jua. Ila inaacha utando. Usiitumie mahali patakapopigwa lipu, vigae au sakafu ya pili, maana havitashika. Kwa barabara ya uani na mifereji ni nzuri.

SWALI: Tunaweza kumwagilia kwa maji ya mfereji wa mpunga? — Msomaji, Rujewa

JIBU: Ya mfereji unaoingiza maji shambani, ndiyo. Yaache kwenye pipa usiku kucha tope litulie, uchote ya juu. Yataacha doa la kahawia ambalo halipunguzi nguvu. Ya mfereji unaotoa maji shambani yenye mbolea yaacheni, hasa kwa zege lenye nondo. Na kwa joto lenu la Usangu, mwageni jioni, mfunike kwa nailoni usiku huo huo, na muwe na magunia yaliyolowa tayari kabla jua la kesho halijatoka.